Ada, mgeni rasmi, mfadhili, mkopo au mizinga ya nyuki: wapi shule binafsi ya Tabora ipate fedha za sayansi ya vitendo

Sekondari binafsi za Tabora mjini, Nzega, Urambo na Sikonge hazikosi chumba cha maabara. Bila chumba hicho shule isingesajiliwa, kwa hiyo mwenye shule alikijenga mapema. Kinachokosekana ni vya ndani ya kabati. Bureti, ile mirija ya kioo ya kupimia kimiminika, ziko sita kwa darasa la watoto arobaini, kemikali zinaagizwa Oktoba kwa sababu mtihani wa vitendo wa Baraza la Mitihani, NECTA, ni Novemba, na klabu ya sayansi husikika mara moja kwa mwaka, ndani ya risala ya mahafali.

Wazazi nao wameanza kuuliza. Mitaala mipya iliyoanza kutumika Januari 2024, chini ya Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 Toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali, yaani mafunzo ya ufundi, na kuweka mkazo kwenye kutenda. Mzazi anayelipa ada kwa shida anataka kujua mwanawe ametengeneza nini, mbali na daftari lililojaa maandishi. Mkuu wa shule akipeleka swali hilo kwenye bodi, anajibiwa: fedha ziko wapi?

Njia za kupata fedha hizo zipo kadhaa, na kila moja ina watu wanaoiapia. Nitazilinganisha kwa shule moja ya kufikirika: wanafunzi 240, kidato cha kwanza hadi cha nne, nje kidogo ya Tabora mjini, nusu ya wazazi wakulima na nusu wafanyakazi na wafanyabiashara wadogo. Kiasi nitakachotaja kwa shule hii ni cha mfano tu. Weka cha kwako mahali pake.

Kabla ya kulinganisha, gawa mahitaji katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni vinavyoisha: asidi, spiriti, karatasi za litmasi, waya, risasi ya kuchomelea, betri. La pili ni vinavyodumu: hadubini, mizani, kompyuta, paneli za sola, zana za karakana. La tatu ni watu: posho ya mwalimu anayebaki na klabu Jumamosi, fundi wa kuja kufundisha kuunganisha saketi, nauli ya kupeleka watoto kwenye maonesho. Fungu hili la tatu halimo kwenye bajeti nyingi nilizowahi kusoma, nalo ndilo huua klabu, kwa sababu mwalimu hachoki kufundisha, anachoka kufundisha bure. Msimamo wangu ni kwamba fedha inayokuja mara moja isilipie kitu kinachoisha kila muhula. Ukikubaliana nami hapo, njia nyingi zitajichuja zenyewe.

Mchango ndani ya ada

Njia hii haina mvuto. Haipigwi picha, haina mgeni wala hundi kubwa ya maboksi. Hata hivyo ndiyo pekee inayorudi kila muhula bila kuomba.

Kwa shule yetu ya mfano, shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa muhula ni 2,400,000, na kwa mihula miwili ni 4,800,000. Toa wasiolipa kwa wakati, tuseme mmoja kati ya watano, zinabaki 3,840,000. Kiasi hicho hakijengi maabara ya kompyuta. Kinatosha kuweka kemikali mwaka mzima, kulipa posho ya mwalimu wa klabu na kuacha akiba ya bureti zitakazovunjika, maana zitavunjika, hasa zikisafirishwa kwa basi kutoka Mwanza zikiwa zimefungwa kwenye gazeti.

Ugumu ni wakati wa kudai. Mwaka wa shule huanza Januari, na Januari ndipo mkulima wa Tabora ana fedha kidogo kuliko mwezi mwingine wowote. Mvua zinanyesha, mbolea imekopwa, tumbaku iko shambani. Masoko ya tumbaku hufunguliwa baada ya mvua kukatika, na malipo yanapitia AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, yakichelewa au yakiwahi. Mhasibu anayedai mchango wote Januari anapata majibu anayoyafahamu:

"Mwalimu, tumbaku bado haijalipwa."

"Sawa mzee, basi tuandike Julai."

Kama mtaishia kuandika Julai, andikeni Julai tangu mwanzo. Mchango wa sayansi ukipangwa kulipwa muhula wa pili kwa familia za wakulima, makusanyo yanapanda bila ugomvi. Mwenye mshahara unaweza kumpangia Januari. Najua baadhi ya wahasibu hawapendi ratiba mbili, lakini wanatunza daftari la madeni, na hilo ni ratiba mbili kwa jina lingine.

Kuna masharti mawili. Kwanza, mchango uandikwe kwenye fomu ya maelekezo ya kujiunga, mzazi auone kabla hajaleta mtoto. Ukiuchomeka katikati ya mwaka utapata kikao cha wazazi chenye kelele na huenda barua kutoka kwa afisa elimu. Pili, fedha iwe na akaunti yake au angalau leja yake. Ikiingia kwenye mfuko mkuu, itanunua mahindi ya jikoni. Simlaumu mkuu wa shule kwa hilo, njaa ya watoto wa bweni haisubiri jaribio la kemia.

Mahafali na ahadi za mgeni rasmi

Kila Septemba na Oktoba, kabla ya mtihani, shule zetu hufanya mahafali ya kidato cha nne. Mwanafunzi husoma risala, na risala hufika kwenye kipengele cha changamoto: hatuna kompyuta, hatuna projekta, maabara haina gesi. Mgeni rasmi husimama, huahidi, na ukumbi hupiga vigelegele. Baadaye hupitishwa harambee, wazazi wanatoa elfu tano na elfu kumi, mfanyabiashara wa Gongoni anatoa laki mbili na kutajwa jina mara tatu.

Harambee yenyewe ni fedha halisi, ipo mezani na inahesabiwa mbele za watu. Ahadi si fedha. Sisemi wageni rasmi ni waongo. Wanaahidi wakiwa na nia, kisha wanaondoka na hakuna aliyepangiwa kuwafuata. Shule inayotaka ahadi itimie humpa mtu mmoja, kwa kawaida mjumbe wa bodi anayefahamiana na mgeni, kazi ya kupeleka barua ya shukrani wiki hiyohiyo ikiwa na ankara ya kifaa kilichoahidiwa na namba ya akaunti ya duka. Mgeni akiona ankara ya projekta moja, anailipa. Akikumbushwa "ile ahadi yako", anakumbuka safari.

Udhaifu mwingine wa njia hii ni kwamba risala huomba vinavyoonekana. Sijawahi kusikia risala inayoomba lita tano za spiriti na posho ya mwalimu. Kwa hiyo mahafali ni mahali pa fungu la pili tu, vinavyodumu, na omba kitu kimoja chenye bei. Ukiomba vitu tisa mgeni atachagua kilicho rahisi, nacho ni mipira ya michezo.

Wafadhili wa nje ya nchi

Hapa kuna swali ambalo wamiliki hawapendi kuulizwa: shule ni ya nani? Kama iko chini ya kanisa, msikiti au bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa udhamini, milango ipo. Kama ni kampuni ya mtu au ya familia iliyosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, ili ipate faida, wafadhili walio wengi watakujibu kwa upole kwamba hawasaidii biashara. Hakuna ufundi wa kuandika andiko utakaobadilisha hilo. Baadhi ya wamiliki huanzisha asasi pembeni yenye jina linalofanana na la shule ili kupokea misaada. Kama asasi hiyo haina bodi yake, hesabu zake na shughuli zake za kweli, mkaguzi wa kwanza ataiona.

Kwa shule za taasisi za dini, Tabora ina historia ndefu ya fedha za nje. Wamoraviani walianza kazi Urambo mwaka 1898, na Wakatoliki walikuwa wameshatangulia Unyanyembe. Shule ya misheni ya St. Mary's hapa Tabora ndipo Julius Nyerere alipofundisha baiolojia baada ya kutoka Makerere, kabla ya kwenda Uingereza mwaka 1949. Uhusiano wa majimbo na makanisa ya Ulaya bado upo, na kwa shule ya namna hii barua ya kwanza ipitie kwa askofu au ofisi ya elimu ya jimbo. Mkuu wa shule akiandika mwenyewe moja kwa moja, ombi lake hukuta ombi lingine la jimbo lilelile mezani kwa mfadhili.

Masharti yanatofautiana sana, na kuyasoma mapema kunaokoa miezi. Ruzuku kubwa za Rotary, mtandao wa kimataifa wa klabu za huduma kwa jamii, kwa mfano, zinataka mradi wenye bajeti isiyopungua dola 30,000 za Marekani na klabu mbili za Rotary, moja ya nchi ya mradi na nyingine ya nje. Kwa shule yenye wanafunzi 240 inayotafuta bureti, huo mlango ni mkubwa mno. Unafaa kama shule tano zimeungana. Mpango wa ubalozi wa Japani wa misaada kwa miradi ya jamii hupokea mashirika yasiyo ya kibiashara, na hulipia majengo na vifaa, haulipii gharama za uendeshaji. Kwa maneno mengine, utapata maabara, kemikali utanunua mwenyewe. Huu ndio mtindo wa wafadhili wengi, na si ubaya wao. Wanajua kwamba wakianza kulipa posho hawataweza kuacha.

Kuhusu misaada ya vifaa vilivyotumika, kuwa mkali. Umeme wetu ni volti 230. Vifaa vinavyotoka Marekani vimezoea volti 120, na kama havina kibadilishi au adapta inayokubali zote mbili, vinaungua siku ya kwanza. Uliza picha ya kibandiko cha nyuma cha kila kifaa kabla ya kusema asante. Uliza pia nani analipa gharama za bandarini na usafiri wa zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar es Salaam. Kuna kompyuta za bure ambazo zikifika Tabora zimegharimu kuliko mpya za dukani.

Toka kuandika hadi fedha kuingia, panga kusubiri mwaka mzima. Kidato cha nne cha sasa hakitanufaika.

Kampuni za hapa nyumbani

Benki na kampuni za simu zina bajeti za kusaidia jamii, na elimu ni kipaumbele chao. Tatizo ni kwamba misaada mingi, kuanzia madawati hadi mabati, huenda shule za serikali, na ukiwa upande wao utaona mantiki yake. Hata taasisi za umma ziko hivyo: kompyuta za Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, hupelekwa shule za umma. Mamlaka ya Elimu Tanzania, TEA, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2001 kusimamia Mfuko wa Elimu, kwa kawaida huelekeza ruzuku kwa shule za umma, na taasisi binafsi huzifikiria zaidi kwa mikopo nafuu. Ulizia TEA kabla ya kwenda benki, tofauti ya riba inaweza kulipa safari ya Dodoma mara kadhaa.

Wafanyabiashara wa mji huu ni habari nyingine. Mwenye duka la vipuri, mwenye karakana ya kuchomelea, mwenye duka la dawa za mifugo, hawa hawana bajeti ya jamii ila wana watoto shuleni kwako. Usiwaombe fedha, waombe bidhaa. Asidi ya betri ya gari ni asidi ya salfa, na mwalimu wa kemia anayejua kuipunguza nguvu kwa usalama anaitumia kwa majaribio mengi. Mrututu unaouzwa kwenye maduka ya pembejeo ni salfati ya shaba. Tinkcha ya ayodini ya duka la dawa hupima wanga. Unga mweusi ndani ya betri kavu kuukuu una dioksidi ya manganizi. Mabaki ya nondo na bati ya fundi yanatosha kujenga kikaushio cha maembe kwa jua, na maembe Tabora hayajawahi kuwa haba. Kemikali zilizotajwa kwa jina kwenye maelekezo ya mtihani nunua kwa muuzaji aliyesajiliwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, hapo usibahatishe.

Kwa mfanyabiashara mkubwa anayelipa kodi kwa hesabu, kuna hoja ya kumweleza mhasibu wake. Sheria ya Kodi ya Mapato inaruhusu michango kwa taasisi za hisani kupunguzwa kwenye mapato ya biashara hadi asilimia 2, na michango inayopitia Mfuko wa Elimu ina kifungu chake. Lakini taasisi ya hisani ni ile iliyotambuliwa hivyo na Mamlaka ya Mapato, TRA. Shule ya kampuni binafsi haimo, hata ikiwa na watoto yatima wangapi.

Mkopo

Chukua shilingi 12,000,000 kwa miezi 24. Riba za mabenki nchini zimekuwa zikizunguka asilimia 15 kwa mwaka, kwa hiyo tumia hiyo. Rejesho linakuja kama 582,000 kila mwezi, na mwisho wa miaka miwili utakuwa umelipa karibu 13,964,000. Gawa marejesho ya mwaka kwa wanafunzi 240, ni kama 29,100 kwa kila mmoja. Ndiyo kusema mkopo haukukuepusha na mzazi, umemleta mzazi mlangoni akiwa na mzigo mara moja na nusu ya ule wa mchango, na hati ya kiwanja iko benki.

Sisemi usikope. Kopa kwa kitu kitakachovutia wanafunzi wapya au kupunguza gharama inayojulikana, kwa mfano sola inayoondoa mafuta ya jenereta. Mwenye shule anayekopa kununua kemikali anahitaji kukaa chini na mtu wa hesabu. Na rejesho la kila mwezi halijui msimu wa tumbaku. Omba ratiba ya marejesho ya muhula, baadhi ya wakopeshaji hukubali ukiomba kabla ya kusaini.

Mradi wa shule, na hapa nitakaa kidogo

Tabora ni mkoa wa asali. Miombo imetuzunguka, kuna Chuo cha Ufugaji Nyuki hapa mjini, na wazee wa vijijini bado wanatundika mizinga ya magome juu ya miti. Shule binafsi yenye shamba, au yenye mzazi mwenye pori Sikonge, ina nafasi ambayo shule ya Dar es Salaam hainunui kwa fedha yoyote. Mradi wa nyuki unaleta fedha na unakuwa maabara yenyewe.

Tazama sayansi iliyomo. Nyuki hutunza kiota cha majana, yaani watoto wao, kwenye nyuzijoto 34 hadi 36 hivi, nje kukiwa na baridi au jua la Oktoba. Kihisi joto kimoja ndani ya mzinga, kingine nje, bodi ndogo ya kielektroniki na betri ya sola, na watoto wa kidato cha pili wana jedwali la kuchora kila wiki na swali la kujibu: joto la ndani linashikiliwaje? Weka mzinga juu ya kipimauzito cha kielektroniki, utaona uzito ukipanda maua ya miombo yanapochanua na kushuka wakati wa njaa ya nyuki. Asali ikishavunwa, rifraktomita, kipimo kidogo cha mkononi, huonyesha kiasi cha maji yaliyomo. Kiwango cha kimataifa cha chakula, Codex, kinataka maji yasizidi asilimia 20 kwa asali ya kawaida, na mtoto aliyepima mwenyewe asali mbichi iliyozidi kiwango anaelewa kwa nini ile ya dukani ilichacha. Hapo kuna fizikia, kemia, baiolojia na elimu ya biashara bila mtu kulazimisha.

Hesabu ya fedha iwe ya unyenyekevu. Mizinga 20 ya kisasa, tuseme kila mmoja utoe kilo 10 kwa mwaka ikiwa yote imeingia nyuki, ambayo mwaka wa kwanza haitatokea. Ni kilo 200. Kwa shilingi 10,000 kwa kilo ni milioni 2. Chini ya mchango wa ada, na imechukua miezi mingi. Kwa hiyo mradi wa nyuki kama chanzo pekee cha fedha ni ndoto, ila kama nyongeza inayolipa fungu la watu, yaani posho na nauli, umekaa vizuri.

Mitego ipo. Nyuki wetu ni wakali, mizinga ikae mbali kabisa na madarasa na mabweni, na hakuna mtoto anayesogea bila vazi na mwalimu. Kazi ya kuvuna si ya wanafunzi peke yao. Siku mradi utakapogeuka kuwa shamba la mwenye shule linalolimwa na watoto, wazazi watajua kabla yako. Andika mapema kwamba mapato yanaingia leja ya sayansi, na klabu ione hesabu.

Shule isiyo na ardhi inaweza kuuza huduma: kuchapa na kutoa nakala, kutengeneza sabuni ya maji, kuchaji simu kwa sola siku za umeme kukatika. Sabuni ina kemia nzuri. Mashine ya nakala haina sayansi yoyote, ni duka tu, lakini inalipa.

Mashindano

Haya si chanzo cha fedha, ingawa wengi huyaweka kwenye orodha. Mashindano ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, MAKISATU, yalianzishwa 2019 na wizara ya elimu na yana kundi la sekondari. Young Scientists Tanzania nayo hukusanya miradi ya wanafunzi wa sekondari, na hata utafiti wa tabia za jamii hupokelewa, jambo zuri kwa shule isiyo na vifaa. Faida yake kwako ni uzito wa jina: andiko la kuomba ufadhili lenye mradi uliofika fainali husomwa hadi mwisho. Bajeti ya zawadi iandike sifuri.

Kwa anayetaka kuona yote mahali pamoja:

| Njia | Kusubiri | Ilipie nini | Hurudi mwakani? | Angalia |
|---|---|---|---|---|
| Mchango wa ada | Muhula mmoja | Vinavyoisha, watu | Ndiyo | Msimu wa mkulima, leja tofauti |
| Mahafali | Siku hadi miezi | Kitu kimoja kinachodumu | Kwa bahati | Ahadi bila ankara |
| Mfadhili wa nje | Karibu mwaka | Vinavyodumu | Mara chache | Umiliki wa shule, volti, bandari |
| Wafanyabiashara wa mji | Wiki | Bidhaa, zana | Ukiwatunza | Usalama wa kemikali |
| Mkopo | Wiki kadhaa | Kinachopunguza gharama | Hulipwa, haurudi | Rejesho la kila mwezi |
| Nyuki | Mwaka na zaidi | Posho, nauli | Ndiyo, kwa kupanda na kushuka | Usalama, mapato kuhama mfuko |

Ningechagua nini

Shule ya kanisa yenye jimbo nyuma yake: mchango mdogo kwenye ada kwanza, mwaka mmoja, kisha mfadhili. Mpangilio huu usigeuzwe. Mfadhili akiona leja ya mwaka mzima ya kemikali zilizonunuliwa na wazazi, anaamini kwamba hadubini zake hazitafungiwa stoo. Ukianza na mfadhili, hadubini zitakuja na mwaka wa pili utakosa slaidi za kuweka chini yake.

Shule ya mtu binafsi au familia: sahau wafadhili wa nje, usipoteze mwaka kuandika. Mchango wa ada, wafanyabiashara wa mji kwa bidhaa, na mahafali kwa kifaa kimoja kila mwaka. Miaka minne ya mahafali yaliyopangwa ni projekta, mizani ya kidijitali, hadubini mbili na seti ya zana. Mkopo uje kwa sola tu, na uje baada ya kuuliza TEA.

Shule changa yenye wanafunzi chini ya mia: usitoze mchango wa sayansi, utawapoteza wachache ulionao. Tafuta shule mbili jirani, nunueni kemikali kwa pamoja kutoka Mwanza ili mgawane nauli na lita zilizozidi, na mzungushe mizani moja kwa ratiba. Wamiliki huona haya kuazima kwa mshindani. Walimu wa kemia hawaoni, wao tayari wanaazimana kimyakimya wiki ya mtihani. Iwekeeni utaratibu: daftari la kusaini, nani analipa kikivunjika, na kifaa kirudi Ijumaa.

Kama bodi yako inakaa Novemba kupitisha bajeti, peleka kurasa mbili: orodha ya vitu vya mafungu matatu kwa bei za duka la mwezi huo, na jina la mwalimu atakayeshika leja. Barua ya shukrani ya mgeni rasmi wa Oktoba iwe imeshakwenda, na ankara ndani yake.